Karte mbili za grafiki, voltaji mbili: uache vile, usawazishe, uandike BIOS upya ao uuze zote?

"Yaya, karte ya chini inakula kuran kuliko ya juu, moja iko karibu kufa."

Njo vile kijana mmoja wa Katindo, hapa Goma, aliniambia akiweka mashini yake ku meza yangu, mbavu moja imefunguliwa, ndani GTX 970 mbili za NVIDIA zimepangwa moja juu ya ingine na kale kadaraja ka SLI, ile njia ya NVIDIA ya kufanya karte mbili zichore muchezo mmoja, kamezifunga pamoja. Alikuwa ameshanunua stabilizateri ku Birere, tena ile kubwa, ju fundi mwingine alimwambia voltaji zake haziko sawa, na stabilizateri ilifanya kazi yake bila makosa, ikaleta 220 imetulia kama maji ya ziwa asubuhi, na zile namba mbili ku ekra hazikusogea ata kidogo. Karte ya juu volti 1.174, ya chini 1.212.

Tuanze paka na hapo, ju hiyo kosa inakulaka watu feza bure. Voltaji ya ukuta na voltaji ya chipu haziko ndugu wa karibu, ni kama babu na kitukuu. Ile 220 inaingia mu alimantasio, kale kasanduku ka kuran ndani ya mashini, inatoka 12, hizo 12 zinafika ku karte kwa kable za pini sita ao nane na zingine kidogo kupitia slot, pale karte inachomekwa, kiisha karte yenyewe, na vile vipande vidogo viko pembeni ya chipu, njo inazishusha mpaka volti moja na kakitu. Alimantasio nzuri inakubalaka kutoka 100 mpaka 240, kuran ikishuka mpaka 180 saa ya jioni wakati mtaa muzima umewasha majiko, yenyewe inavuta ampea zaidi tu na upande wa pili inatoa 12 zile zile. Stabilizateri ununue kwa kulinda alimantasio siku kuran inarudi na teke, hapo nakubali, lakini usingoje isawazishe karte mbili, haizioni.

Sasa ju ya nini karte mbili za jina moja, katoni moja, zinaomba voltaji tofauti? Angalia tshukudu mbili, zile trotineti za mbao, zenye zilichongwa na fundi mmoja, mti ule ule, magurudumu yale yale: moja inateremka na makala yake kutoka Kibumba ukiwa umekaa juu, ingine paka uisukume ata ku muteremko. Chipu nazo vile vile. Zinakatwa ku sahani moja ya silikoni, lakini moja inafika megahezi 1,304 na 1.174, ingine ku kasi hiyo hiyo inalilia 1.212. Kila karte iko na meza yake ya namba ndani ya BIOS, ile programu ndogo yenye kuishi mu karte yenyewe, kasi hii voltaji hii, NVIDIA wanaitaka hiyo GPU Boost, na karte inajichagulia yenyewe kufuatana na moto na wati. Ikiwa peke yake hakuna mutu anajua. Ukizifunga SLI njo inaonekana, ju picha moja inachorwa na hii, yenye inafuata inachorwa na ile, hakuna faida moja ikimbie na ingine itambae, basi dreva inajaribu kuzipeleka sambamba na kila moja inalipia hiyo kasi bei yake. Ku familia ya Maxwell, ile ya 970 na 980 zenye zilitoka mwezi wa 9 mwaka 2014, hii kitu ilisumbua watu wengi sana mpaka wengine wakafikiri wameuziwa karte mbovu.

Kumbe tofauti peke yake haiko ugonjwa. Ugonjwa ni pale karte ya voltaji ya chini inavutwa na kasi ya mwenzake bila chakula ya kutosha: muchezo unakwama, ekra inakuwa nyeusi, dreva inaanguka na kuamka, ao rangi za ajabu ajabu zinatokea ku sura za watu.

Mbele ya kuchagua dawa, hakikisha unatibu kitu gani. Fungua GPU-Z, programu ya kusoma karte, mara mbili, moja kwa kila karte, na uangalie VDDC, njo voltaji ya chipu, zote mbili zikiwa na kazi nzito kwa wakati mmoja, Unigine Heaven, ile programu ya kupima karte, inatosha, uache izunguke dakika ishirini. Wengi wanalinganisha mashini ikiwa imepumzika, karte moja inashika ekra na ingine imelala ku 0.85, kiisha wanapiga kelele. Hapo ulinganishe nini? Mutu mwenye kutembea na mutu mwenye kulala. Pembeni ya VDDC kuna mustari unaitwa PerfCap Reason, huo njo unasema karte imezuiwa na nini: Thrm ni moto, Pwr ni wati, VRel ni voltaji, Util ni kazi kidogo. Kama ya juu inasema Thrm na ya chini VRel, haina haja ya kugusa voltaji yoyote, karte ya juu inapumua hewa ya moto ya mwenzake, GTX 970 ikifika karibu 80 inaanza kujishusha megahezi 13 kwa 13 na voltaji inashuka pamoja.

Na hapa kwetu moto uko na sababu yake. Ile vumbi nyeusi ya lava, mutu wa Goma anaijua, inaingia ata mu sanduku yenye imefungwa. Nilitoa vantilateri ya karte ya kijana, mapezi ya nyuma yalikuwa yamejaa mpaka hauone mwanga upande wa pili, nikapiga na burosi ya rangi, ile laini, ikatoka kama unga wa makala, meza yote ikawa nyeusi. Nikabadilisha na pate, ile ya kutoa moto ku chipu. Karte ya juu ikashuka kutoka 83 mpaka 74. Namba za voltaji? Zile zile. Sawa, basi moto haukuwa mwenye makosa, lakini kazi hiyo ilipaswa kufanyika tu.

Jaribu la kuamua ni kubadilishana nafasi. Zima, toa kable ya ukuta, ngoja kidogo, ya juu ikuje chini, ya chini ipande. Kama voltaji ndogo imefuata karte, ni chipu yake na meza yake ya namba. Kama imebaki ku slot, angalia moto, kable, dreva. Kable hasa: 970 nyingi ziko na shimo mbili za kuran kila moja, kwa hiyo mbili zinataka vichwa vinne, na watu wanachukua kable moja yenye kugawanyika vichwa viwili, kiisha wanaongeza adapta ya molex kwa vile vyenye vinabaki. Weka multimetri ku mustari wa 12 wakati Heaven inazunguka, chini ya 11.4 haikubaliwe, badilisha kable ao alimantasio na usiendelee kusoma. Kwa kijana wangu ilikuwa 11.9 na ile 1.174 ikateremka chini pamoja na karte yake. Basi ni chipu.

Sasa njia.

Ya kwanza ni kuacha vile. Haina bei, haina hatari, na kama mashini haianguke hiyo njo jibu, ata kama roho inakuuma ukiona namba mbili haziko sawa. Tena ile karte yenye voltaji ya chini njo nzuri kati ya zote mbili, watu wanaidhania mgonjwa kumbe ni ile ingine yenye kula. Kwa hesabu ya darasani, wati zinapanda na voltaji mara yenyewe, 1.212 juu ya 1.174 ni kama asilimia 6 ao 7 zaidi kwa kasi moja. Hizo ni wati kama kumi. Haziko kitu ya kukosesha mutu usingizi.

Ya pili, MSI Afterburner, programu ya kupanga kasi na voltaji za karte. Ingia mu mipangilio, toa ile alama yenye kusawazisha karte zenye kufanana, ju bila kuitoa kila kitu unagusa ku moja kinaenda ku mbili na utazunguka usiku muzima hauelewi. Kiisha chagua karte kwa namba, 1 ao 2. Hapa kuna kitu kinapinduka mu kichwa: karte ya voltaji ya chini, wewe unataka ipate voltaji zaidi, basi unaipunguzia offset ya kasi, ile namba ya kuongeza ao kutoa megahezi, haumuongezee. Toa 13, ama 26. Kwa nini? Ju meza yake imesogea, na kwa kufika kasi ile ile ya mwenzake inalazimika kupanda ngazi moja juu ku voltaji. Ao ufanye kinyume, ile yenye kula sana uiongezee 13, itafika kasi na voltaji kidogo. Ngazi za voltaji ku Maxwell ni kama milivolti 6, kwa hiyo usingoje zikutane pua kwa pua, zikikaribiana ngazi moja ao mbili shukuru Mungu. Ubaya wa njia hii ni uvumilivu, unasogeza, unaacha Heaven izunguke, unaangalia, unasogeza tena, na siku dreva inabadilika unaweza kurudia. Uzuri: ukikosea unazima na kuwasha, imeisha. Ile kimstari ya kuongeza voltaji, Core Voltage, mi siigusake. Inapandisha bila kusawazisha, unabaki na tofauti ile ile ghorofa ya juu.

Kuna pia K-Boost ya EVGA Precision X, inafunga karte zote ku kasi ya juu na voltaji ya juu wakati wote, ata ukiwa unaandika barua. Inasawazisha kweli. Lakini mashini yenye kuchemka bure saa ishirini na nne mu mji wenye kuishi na grupu, zile jenereta, hapana. EVGA wenyewe waliacha kutengeneza karte za grafiki mwaka 2022. Tupite.

BIOS sasa, hapa njo vijana wanapenda kuruka kwanza. Unatoa BIOS ya karte na GPU-Z, unaifungua mu Maxwell II BIOS Tweaker, programu ya kuibadilisha, unapanga meza za karte zote mbili zikae sawa, kiisha unairudisha na nvflash, yenyewe ya kuiandika ku karte. Ikifaulu ni dawa ya kudumu, haitegemei programu, unaweza kubadilisha mashini na karte zinabaki sawa. Nimeifanya, na nasema kweli inatoa matokeo ya kupendeza kuliko zote. Lakini wewe uko Goma. Kuandika kunachukua sekunde chache tu, na hizo sekunde chache kuran inazijua, sijui nani anaiambiaka. Nilikuwa na mashini moja, haikuwa ya kijana huyu, nimeandika karte ya kwanza vizuri, ya pili nikabonyeza, na taa ya nyumba ikazima, mtaa wote ukasema "aaah" kwa sauti moja kama kawaida, na mie ninabaki mu giza nimeshika turnavisi. Onduleri, ile yenye kushika mashini na betri kuran ikikatika? Ilikuwa hapo, betri yake imekufa zamani na nilikuwa najua. Karte haikuwaka tena. Kitu kiliniokoa ni kwamba zilikuwa mbili: nikawasha na ile nzima inashika ekra, nikaiandikia ile ingine BIOS ya zamani yenye nilikuwa nimehifadhi ku kle ya USB, ikafufuka. Kwa hiyo masharti ni matatu na hayapunguzwe: BIOS ya zamani imehifadhiwa nje ya mashini, onduleri yenye betri hai imejaribiwa siku hiyo hiyo, na karte moja kwa siku moja, ya pili kesho. Kama karte yako iko na kale kaswichi ka BIOS mbili, bahati yako. Na kama ni GTX 1070 ao 1080, za 2016, sahau njia hii kabisa, BIOS ya familia hiyo, Pascal, imetiwa sahihi ya NVIDIA, ukiibadilisha karte haiikubali. Lakini hao wa Pascal wamepewa kitu bora, mu Afterburner unabonyeza Ctrl na F, unaona mustari muzima wa kasi na voltaji, na unaweza kuufanya ukae tambarare kuanzia voltaji yenye unataka, kila karte na wake.

Njia yenye mi napenda haisemwi sana, ju haina sifa: usipandishe yenye voltaji ya chini, shusha zote. Power limit, kikomo cha wati, ku asilimia 80, offset kidogo ya kutoa, na zote mbili zinateremka mpaka mahali penye hata chipu mbaya haililie. GTX 970 moja imeandikiwa wati 145, mbili ni 290, ukizishusha hivi unaokoa karibu wati hamsini na zaidi na michezo mingi haujue umepoteza nini. Moto unapungua, vantilateri zinanyamaza, karte ya juu haichomwe tena na ya chini, na tofauti ya voltaji ata ikibaki haiangushe mashini. Mutu wa mji wenye kuran ya saa zote anaweza kunicheka. Mie nahesabu mafuta ya grupu.

Halafu kuna swali lenye lingetangulia yote, na mi pia sikuliuliza siku ya kwanza: hiyo SLI unaitumia kwa nini? Kijana ananiambia muchana anachora manyumba mu Blender, programu ya picha za 3D, kwa watu wenye kujenga upande wa Himbi na usiku anacheza. Lakini Blender haihitaji SLI! Cycles, injini yake ya kuchora, inachukua karte mbili kila moja kivyake, hii inachora kipande chake, ile chake, hakuna kungojana, na ukizima SLI kila karte inarudi ku kasi na voltaji yake ya asili, hadithi yote imeisha bila kugusa kitu. Memori tu usijidanganye, mbili za GB 4 haziwe 8, kila moja inabeba nyumba muzima peke yake, nyumba ikizidi kazi inakuwa polepole ao inakataa.

Na kwa michezo, NVIDIA waliacha kutoa profaili mpya za SLI, yale maelekezo ya kila muchezo, kwa dreva tangu tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2021, ku karte za RTX 20 na zote za nyuma. Mu mchezo wa zamani wenye profaili nzuri, 970 mbili zinakimbia sana. Mu mpya, nyingi zinaamsha karte moja na ingine inakaa kunywa kuran bure. Kwa hiyo mutu mwenye kuniuliza kama anunue ya pili ya kufanana na yake, na atafute yenye voltaji sawa, namjibu hapana mara tatu. RTX 3060 moja, wati 170, memori GB 12. Ukilinganisha na 290 ni wati 120 za tofauti, ukifanya kazi saa sita kwa siku ni wati-saa 720, na betri ya sola ya volti 12 ampea 100 yote nzima iko na 1,200 kwa karatasi. Hesabu mwenyewe nani analipa. Ubaya ni bei ya kwanza, dola zinatoka siku moja, na zile za zamani unaziuza kwa bei ya huruma. Kama hizo dola haziko, usijilaumu, zima SLI ao shusha zote, uende kulala.

Kwa hiyo, mwenye mashini haianguke: acha. Mwenye kuchora tu: zima SLI. Mwenye kucheza ya zamani na mashini inaanguka: shusha zote, ikikataa Afterburner karte kwa karte. BIOS ni ya mwenye onduleri nzima na moyo mugumu na Maxwell. Mwenye bado ananunua: moja.

Kijana tulimfanyia mbili kwa pamoja, profaili ya muchana SLI imezimwa, ya usiku SLI imewashwa na power limit 80, anabadilisha kwa kubonyeza, inamuchosha lakini anasema anazoea. Nilimuonyesha ile 1.174 na 1.212 ziko palepale karibu, hazijafanana, akaangalia muda murefu, akauliza, "Sasa yaya, stabilizateri niirudishe?" Muuzaji alikataa kuipokea. Leo iko nyumbani kwao, inashika frigo ya mama yake, na mama anasema tangu ikuje maziwa haiharibike.